Namba Ishirini na Nane Haikuingia Uwanjani

Nyie vijana mtakaoshika karatasi hizi, someni polepole, msiruke mistari. Nawajua. Mkiona neno mpira mtakimbilia pale mtu anapofunga, mkiona neno polisi mtakimbilia huko. Mimi nilisoma madarasa matatu tu kwa masista, kalamu inanichosha vidole, kwa hiyo sina mstari wa bure humu. Kaeni niwaambie habari ya mjukuu wangu, aliyekuwa anakimbia kama anafukuza mwizi, akafika mpaka Amerika kwa miguu hiyo, halafu akasimamishwa na jambo ambalo halikutokea uwanjani hata kidogo.

Nilimlea mimi. Mama yake, binti yangu, tulimzika Uvira, kule Kongo. Mtoto nikamfunga mgongoni, nchi baada ya nchi, mpaka hapa Durban. Tunakaa South Beach, ghorofa ya tisa, mimi na mwanangu wa mwisho ambaye ni dereva wa lori bandarini, mke wake na wasichana wao wawili. Sokoni nauza unga wa muhogo, ndagala, wale samaki wadogo wakavu, na mafuta ya mawese. Lifti yetu ikifa, na inakufa mara nyingi, magunia ya unga yanapanda kwa mgongo. Huyo mjukuu akiwa na miaka kumi na nne alipandisha gunia mpaka juu, akashuka ngazi akikimbia, akaniuliza, "Koko, lingine liko wapi?" Koko ndiyo mimi; ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyotuita sisi bibi zao.

Shuleni walimweka kwenye raga. Sikujali. Niliona ni njia ya kuchana nguo nilizonunua mimi. Mpaka mwalimu wake akaniambia kuna mzungu amekuja kutoka Amerika, anatafuta vijana warefu wenye mbio awafundishe mpira wa kwao, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Watapimwa Jumamosi kwenye uwanja mmoja kule Glenwood. Siku hiyo nikafunga biashara. Mimi sifungi Jumamosi hata nikiwa na homa.

Walikuwa vijana kama arobaini. Mzungu alikuwa na saa ya kubonyeza mkononi, anawakimbiza wawili wawili, anaandika. Zamu ya wa kwangu ikafika, akakimbia. Mzungu akaitazama ile saa, akaitikisa, akaiweka sikioni kama redio iliyoishiwa betri. Akamwambia arudie, peke yake. Mtoto akavua viatu, maana vilikuwa vinambana, akarudia pekupeku. Mara hii mzungu hakuitikisa saa. Aliuliza kwa sauti, huyu amekuja na nani hapa? Nikasimama kule kwenye majani, kitenge kinanifunguka, nikapiga kelele, "Wangu! Iko wangu huyo!" Watu wakacheka. Wacheke. Haukupita mwaka alikuwa ndani ya ndege na barua ya chuo kikuu: masomo, chakula na kitanda, vyote bure, mradi akimbie.

Sasa nitawaeleza ule mpira, maana wengi mnausema bila kuujua. Mpira wenyewe una umbo la yai. Mnapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Mkisogea, mnapewa nne nyingine. Mkishindwa, wenzenu wanauchukua. Mtu akifika nao mwisho wa uwanja, hiyo ndiyo tachidauni, pointi sita. Basi. Ilinichukua wiki tatu kuelewa, na nilielewa kabla ya mwanangu mwenye cheti cha udereva wa malori makubwa.

Mechi zao zilianza mchana wao, kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Jirani wa mlango wa pili, Mtanzania mwenye duka la simu, alikuwa anakuja na kompyuta na waya, anaunganisha kwenye televisheni yetu. Mtu wa heshima huyo. Akiingia, "Shikamoo bibi." Nami, "Marahaba, vua viatu." Lakini mpira ukianza, adabu inabaki mlangoni pamoja na viatu.

"Bibi, mbona wamelaliana wote?"

"Hiyo ni nafasi ya pili. Nyamaza."

"Wamecheza sekunde nne, wamesimama dakika nzima. Hawa wanacheza au wana mkutano wa harusi?"

"Nyamaza nimekwambia! Namba yetu iko pale nyuma. Ishirini na nane. Angalia miguu yake."

"Sioni miguu, naona kofia."

"Basi rudi kwako ukauze chaja."

Jumamosi moja ya mwaka wake wa pili sitaisahau nikiwa na akili zangu. Walikuwa nyuma kwa pointi nne na saa inaisha. Mpira wakampa yeye. Watu watatu wakamrukia, mmoja akamshika kiuno, nikajua amekwisha. Akazunguka mzima mzima, kama mtu anayejinasua kwenye shati lililonasa msumari, yule akabaki amekumbatia hewa. Halafu njia ikafunguka. Mwanangu akapanda juu ya kochi na buti zake za kazini. Mke wake anapiga makofi na mwiko mkononi, unga wa fufu, ugali wetu wa muhogo, unaruka mpaka ukutani. Jirani Mtanzania anaita jina la Mungu, mimi naita la Yesu, na mtoto anakimbia, anakimbia, nyuma yake watu wanane wanene wanapungua mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake na ule mstari mweupe. Akaingia. Tulipiga kelele mpaka mlinzi wa jengo akapanda kuuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa!" nikamjibu. "Keti chini, inarudiwa!"

Tukaiangalia mara tano pamoja na mlinzi.

Baada ya siku hiyo watu wakaanza kunisimamisha barabarani. Nikisubiri roboti, hiyo taa ya barabarani, iwe kijani nivuke, mtu ananigusa bega, "Mama, wewe ndiye bibi wa yule?" Kanisani walimwombea kwa namba. Kocha wake alisema kwenye kamera kwamba akiendelea hivi, timu za watu wazima, wale wanaolipwa, zitamtaka. Mimi sikutaka kusema hayo kwa mdomo, lakini moyoni nilikwisha kumwona huko.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo.

Nyumba yangu ina sheria moja ambayo niliibeba tangu kule tulikotoka. Mtu wa kwetu akifika hana pa kulala, analala kwetu. Hatumuulizi amefanya nini, hatumuulizi ataondoka lini, na mambo yake hayatoki nje ya mlango wetu. Mimi mwenyewe nililazwa hivyo Lubumbashi, nikalazwa hivyo Lusaka, na watu wasioniuliza jina la baba yangu. Bila wao mngekuwa hamsomi hii. Kwa hiyo sebuleni kwetu matelasi, hilo godoro la wageni, haikosi mtu. Kijana mmoja alilala hapo miezi mitatu, mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa. Halafu makaratasi yake ya ukimbizi yakatoka, akapelekwa Amerika. Kufika huko, kazi hakuna, akanipigia simu akilia.

Nikampigia mjukuu wangu. "Mtu wa kwetu anakuja kwako. Mlaze."

"Koko, hapa tunakaa wachezaji wanne. Kocha ana sheria zake kuhusu wageni."

"Na mimi nina zangu. Nani alianza kukulea, kocha au mimi?"

Akacheka. "Sawa, Koko. Aje."

Hiyo iwekeni kichwani. Mimi ndiye niliyepiga simu hiyo.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi ikafika, fufu tayari, jirani ameleta waya, wasichana wamechora namba ishirini na nane mashavuni. Timu ikatoka kwenye lile shimo lao na moshi na ngoma. Nikahesabu namba. Nikahesabu tena. Ishirini na saba alikuwepo. Ishirini na tisa alikuwepo.

"Labda amefungwa bandeji, atatoka baadaye," mwanangu akasema.

"Mgonjwa anakaa kwenye benchi na nguo za timu," nikamwambia. "Angalia benchi."

Benchi halina mtu wetu. Jirani alikuwa ameshashika simu yake, anasoma, na uso wake umeanza kukunjamana.

"Soma kwa sauti," nikamwambia.

"Bibi, hebu kwanza..."

"Soma!"

Akasoma. Polisi wa mji ule walikuwa wanatafuta mtu anayevunja vioo vya magari na kuiba simu na kompyuta za wanafunzi. Wamekuta begi limejaa vitu hivyo chumbani kwa mchezaji. Mchezaji ameulizwa begi ni la nani, akasema hajui. Chuo kimemsimamisha mpaka kikao kitakapokaa. Na jina lilikuwa la kwetu, limeandikwa vizuri kabisa, hawakukosea hata herufi.

Nikaizima televisheni. Nikampigia.

"Begi la nani?"

Nikasikia mlango unafungwa kule kwake.

"Nimekuuliza, begi la nani?"

"Koko, unajua la nani."

"Yuko wapi?"

"Aliondoka siku polisi walipokuja. Aliruka dirisha la nyuma. Sijui alipo."

"Na kwa nini umewaambia hujui begi la nani, wakati unajua?"

Mjukuu wangu akavuta pumzi, nikasikia. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Mambo ya mgeni hayatoki nje ya mlango. Makaratasi yake bado mapya, Koko. Nikimtaja watamrudisha kule. Mimi nitapoteza mpira, yeye atapoteza maisha. Wewe ungefanyaje?"

Nikamuuliza kikao ni lini. Alhamisi. Kocha amemwambia wazi: akitaja mwenye begi, atamtetea arudi uwanjani, asipotaja, hana la kumsaidia.

Habari zinatembea. Jumapili mama mmoja wa kanisani, mwenye saluni ya nywele kule mjini, alikuja kwangu na keki. Sisi hatuletani keki. Huyo ndiye mama mdogo wa yule kijana. Akapiga magoti pale mlangoni, na yeye si mtu wa kupiga magoti, magoti yake ni ya suruali za bei.

"Mama mkubwa, nakuomba. Mpira ni mchezo. Mtoto wa dada yangu ni mtu."

"Wa kwangu je? Ni gunia?"

"Wa kwako ana chuo, ana mwili, ana kila kitu. Akikosa huu mpira atapata kingine. Wa kwetu akirudishwa, unajua wanaomngoja."

"Najua. Ndiyo maana alilala kwangu miezi mitatu."

"Basi umlinde hivyo hivyo."

"Inuka," nikamwambia. "Magoti yako yananizuia kufikiri."

Hakuinuka. Mwanangu akamwinua. Alipofika kwenye lifti akageuka, akatema maneno: "Ukimfanya yule mtoto aseme, nitamwambia kila mtu kwamba wewe unawauza wageni wako!" Lifti ilikuwa imekufa, ikabidi ashuke ngazi, na maneno yalishuka naye ghorofa zote tisa, kila mlango ukasikia.

Usiku sikulala, lakini hilo si jambo la kuandika. Asubuhi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikampigia simu yule kijana mwenyewe. Nilipiga mara nyingi sana, akapokea.

"Koko," akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

"Usiniite Koko. Ulilala kwenye matelasi yangu. Nilikupa shuka jipya. Uliiba?"

Akasema, "Nilikuwa na njaa."

"Nyumbani kwa mjukuu wangu kulikuwa na chakula. Sasa nisikilize. Leo ni Jumatatu. Nakupa mpaka Jumatano uende mwenyewe kwa polisi useme begi ni lako. Ukienda mwenyewe, nitatafuta wakili, tutachanga, kanisa lote, hata yule mama yako mdogo na keki zake. Usipoenda, Alhamisi jina lako litasemwa, na mimi ndiye nitakayeruhusu."

"Utafanya hivyo kweli?"

"Nijaribu."

Alizima simu. Jumanne imezimwa. Jumatano imezimwa. Nilikuwa sokoni napima unga, kila dakika tano nafuta mkono, napiga. Wateja wanasema, mama, leo unatupimia mara mbili. Ilipofika jioni nikawakusanya wote sebuleni, na jirani pia, maana simu yake ina spika nzuri. Nikampigia mjukuu wangu mbele yao.

"Kesho utasema," nikamwambia.

"Koko..."

"Sijamaliza. Sheria niliyokufundisha niliitunga mimi, kwa watu wanaokimbia kifo. Haikuwa ya watu wanaovunja vioo. Hilo sikukueleza kwa sababu sikufikiria. Kosa ni langu. Utasema jina lake, utasema nani alimtuma kwako, na utasema jina la huyo aliyemtuma, yaani mimi. Herufi kwa herufi. Umesikia?"

Akaanza kulia, mtu mzima wa mabega kama mlango. Wasichana wakalia. Jirani akaenda kwenye baraza kuangalia magari. Halafu sauti ikarudi: "Nimesikia."

Alhamisi ile! Sijawahi kungoja hivyo hata kwenye foleni za makaratasi. Niliacha meza yangu sokoni kwa mwenzangu, nikarudi nyumbani, nikasugua sufuria zote, hata zile safi. Simu ikalia saa mbili kasorobo usiku. Nikadaka mlio wa kwanza.

"Nimesema," akasema. "Polisi wameniondoa kwenye kesi."

Mwanangu akaruka, kichwa kikagonga taa. Tulikuwa tumeshaanza kupiga vigelegele, mlango wa jirani umefunguka, naye anakuja akipiga makofi, nikasikia mtoto anaita kule ndani ya simu, "Koko, ngoja. Koko, bado."

Chuo kilimwuliza swali moja. Siku kumi na mbili ulikuwa unajua, na ulimtazama afisa wa polisi machoni ukasema hujui. Kwa nini? Akawaeleza. Akawaeleza habari ya nyumba yangu, na matelasi, na Lubumbashi. Mmoja wao alifuta macho, ndivyo alivyoniambia mtoto. Lakini sheria yao inasema aliyedanganya kwenye uchunguzi anatoka kwenye timu, na mwaka ukiisha, ufadhili unakwisha nao. Kocha alimtetea kweli, alisimama mpaka akatolewa nje ya chumba. Haikusaidia. Wakati wa kusema ulikuwa siku ya kwanza.

Siku hizo kumi na mbili ni zangu. Sitaki mtu aniambie vingine, na nyie mtakaosoma msinihurumie.

Yule kijana walimkamata baadaye. Alifungwa, akatoka, hakurudishwa kule tulikokuwa tunaogopa. Sasa anaosha magari huko huko. Mama yake mdogo mpaka leo akiniona kanisani anahamia upande wa kwaya. Ahamie.

Wetu alirudi mwisho wa mwaka. Uwanja wa ndege tulienda watu kumi na mmoja, na watu wengine walikuja na nyuso za matanga. Nikawaambia, anayetaka kulia arudi kwenye taxi. Mlango wa kioo ukafunguka, akatoka, eish! Walimlisha wale watu. Alikuwa amejaa mlango wote. Akaacha mizigo, akaninyanyua mimi na mkoba wangu na mwavuli wangu juu kabisa, miguu inaning'inia, nikampiga mgongo na mwavuli, "Nishushe, mpumbavu wewe, watu wanaona sidiria!" Kweli tulicheka, na tulilia pia, nani anaweza kutuzuia.

Sasa anafanya kazi bandarini na mjomba wake, anapanga malori yanayochukua makontena. Amerika hawajamwita tena, na sidhani kama watamwita. Huo mpira una vijana wengi na kumbukumbu fupi. Lakini Jumamosi anacheza raga na timu ya watu wa bandari, na mimi huwa pale kwenye majani. Wiki iliyopita alipewa mpira nyuma kabisa, kona ya kushoto, na watu wote wa timu ile nyingine mbele yake. Jirani Mtanzania alikuwa anakula karanga. Nikamwambia, "Acha karanga, angalia." Akazunguka wa kwanza, akamruka wa pili, na nilipiga kelele mpaka meno ya juu yakalegea. Ile mbio bado iko. Mbio haikuiba kitu cha mtu.

Jumapili hii, tumetoka kanisani, sufuria iko mezani, mlango ukagongwa. Kijana kutoka Bukavu, basi limemtupa asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi, begi kubwa begani. Namba ya nyumba yetu ameiandika kiganjani. Mjukuu wangu ndiye wa kwanza kusimama. "Karibu, ndugu, ingia," akasema, akanyoosha mkono kulipokea begi. Mkono ukasimama hewani. Akageuka kunitazama. Mwanangu akanitazama, mke wake, wasichana, wote matonge mkononi, hakuna anayetafuna.

Nikasimama, nikasogeza sufuria pembeni, nikafuta meza kwa mkono wangu.

"Nisikilizeni wote, na wewe mgeni sikiliza. Kuanzia leo, mtu wa kwetu akifika hapa, mpeni maji ya kuoga, mpeni chakula, mpeni matelasi, na msimuulize ataondoka lini. Lakini begi lake atalifungua hapa mezani mbele yetu wote, kabla hajavua viatu. Akikataa, mfungieni chakula chake kwenye bakuli lenye mfuniko, mfungulieni mlango. Haya, mgeni wetu, weka begi mezani. Wengine, kuleni, fufu inapoa."